Darubini Moja, Bunduki Tatu

Nguruwe hawakuja wenyewe huku kwetu. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu wanaowazungumzia kana kwamba ni mvua ya mawe, balaa lisilo na mwenyewe. Waliletwa. Novemba ya mwaka 1979, nikiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, niliona kwa macho yangu trela la mzee Stovall likirudi kinyumenyume hadi ukingoni mwa kijito cha Pigeon. Mlango ukafunguliwa, wakashuka nguruwe kumi na tisa. Niliwahesabu. Alitaka wageni wake kutoka Atlanta wapate kitu cha kupiga risasi siku za Jumamosi. Mzee amekufa, mwanawe ndiye mwenye kambi ya uwindaji sasa, na vizazi vya wale kumi na tisa vinakula karanga za watu ambao hawakuwahi kualikwa kuwinda popote.

Mwaka huu walianza na Verlene.

Verlene ni binamu yangu, mjane wa miaka sabini na mmoja, mwenye ekari ishirini na mbili kati ya kijito na barabara ya lami. Alipanda katikati ya Mei. Usiku wa tatu wakaingia. Nguruwe hachimbi ovyo kwenye karanga mpya kama watu wa mjini wanavyodhani. Huanza mwisho wa mstari, pua ardhini, akafuata mbegu moja hadi nyingine bila kuruka hata moja, na asubuhi ukiutazama ule mfereji ulivyonyooka utadhani ni kazi ya trekta. Kwa mikesha miwili walimaliza ekari tisa.

Verlene akatafuta mbegu nyingine, za mwisho, ili apande upya Jumamosi ya tarehe mosi Juni. Ukipanda baada ya tarehe tano Juni bima ya mazao haikutambui, kwa hiyo mara ya tatu haikuwepo. Na Stovall mtoto alikuwa ameshaleta karatasi: Verlene amkodishe shamba miaka mitano, apande mahindi ya kuvutia nguruwe kwa ajili ya wawindaji wake. Yaani nguruwe wake watufilisi, halafu atulipe kodi tumfugie. Alimpa hadi Jumatatu ya tarehe kumi.

"Zikiota, sitii sahihi," Verlene alituambia barazani kwake. "Zisipoota, natia. Na wewe Ezell usije ukanihutubia."

Ezell ndiye mimi.

Karanga huchukua siku nane, tisa, kuchomoza. Jani likishatoka, mbegu imekwisha utamu na nguruwe hafuati mstari tena. Basi kazi yetu ilikuwa mikesha tisa, na hatukuwa na macho ya usiku. Tochi tulizijaribu Mei. Ukiwasha, wanakimbia, ukizima, wanarudi, na safari ya pili wanakuja wakiijua tochi.

Sisi ni ushirika wa nyumba nne: Verlene, mimi, Hosea Bivins, na Denetra Mobley. Hosea ni fundi bomba na mlimaji, mtu asiyeweza kupita msibani bila kuchekesha. Denetra anaendesha basi la shule, alikuwa jeshini miaka sita, na ni binti wa Lucious Mobley. Lucious nitamfikia. Katika mfuko wa ushirika zilikuwamo dola elfu moja mia tatu, pesa za samaki wa kukaanga tuliouza kanisani tangu Pasaka. Ijumaa ya tarehe thelathini na moja Mei tukaenda mjini kwenye duka la Wendell kununua darubini ya bunduki inayoona joto.

Wendell akapanga tatu juu ya kaunta. Hosea akanyakua moja, akaelekeza dirishani, akakunja uso.

"Mbona namwona mtu mnene mwenye kofia?"

"Unajiona mwenyewe," Wendell akasema. "Joto halipiti kwenye kioo. Toka nje."

"Kwa hiyo nguruwe akikaa nyuma ya dirisha amepona?"

"Nguruwe mwenye nyumba yake, Hosea, mwache aishi," Denetra akasema.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naitazama ya tatu. Ilikuwa imetumika, ya miaka mingi kidogo, lenzi kubwa kama kikombe cha chai, na boksi lake limeandikwa kwamba inaona joto kwa yadi elfu mbili. Dola elfu moja mia mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo, mpya, mia tisa. Ya katikati ilikuwa toleo la mwaka jana lililoshushwa bei, elfu moja mia mbili hamsini, na boksi lake halikujisifu sana.

"Hii kubwa," nikasema.

"Kwa nini?" Denetra akauliza.

"Kwa sababu tumepewa vidogo tangu tulipozaliwa. Shule ndogo, mikopo midogo, mashamba madogo. Leo tununue kikubwa."

"Bwana Ezell, soma vizuri. Yadi elfu mbili ni umbali wa kujua kwamba kule kuna kitu chenye joto. Haikuambii kama ni nguruwe, ndama, au mchungaji wetu aliyesimama kujisaidia."

"Mchungaji tungemjua kwa mlio," Hosea akasema.

Denetra hakumjali. "Kutoka pale tutakapokaa hadi kwenye miti ni yadi mia moja na sitini. Hii inakuza mara nne hata kabla hujagusa kitufe. Utaona sikio la nguruwe mmoja, zuri sana, na hutajua wenzake ishirini wako wapi."

Akazichukua zile nyingine mbili, akatutoa nje hadi nyuma ya duka, mbwa wa Wendell alikokuwa amelala chini ya trela, umbali wa kama yadi mia. Akatupa moja moja tutazame. Kwenye ile ya mia tisa mbwa alikuwa donge jeupe, kama unga uliomwagika. Kwenye ile ya katikati niliona miguu, niliona mkia, niliona akijikuna.

"Vitone," Denetra akasema. "Ile ina vitone mia mbili hamsini na sita kwa upana, hii ina mia tatu themanini na nne. Vitone ndivyo unavyolipia. Mengine yote ni maneno ya boksi."

Sikupenda kufundishwa na mtoto wa Lucious, lakini macho yangu yalikuwa yameona mkia. Tukachukua ya katikati.

Zikabaki dola hamsini. Wendell akaleta vishikio, vile vyuma vinavyoifunga darubini juu ya bunduki. Kimoja dola arobaini. Kingine mia moja themanini.

"Tofauti?" nikauliza.

"Hiki cha ghali ukikitoa na kukirudisha, kinakaa palepale kilipokuwa."

"Chuma ni chuma," nikasema. "Toa cha arobaini."

"Mnatumia bunduki ngapi?"

"Tatu."

Wendell akajikuna shingo. "Darubini yenyewe ina kumbukumbu. Unaweza kuilinganisha na bunduki tano, ikazihifadhi zote. Lakini..."

Baada ya neno kumbukumbu sikusikia tena. Kitu kinachokumbuka! Nilimlipa kabla hajamaliza. Denetra akafungua mdomo, akaufunga, akatangulia kwenye pikapu.

Sasa Lucious. Mwaka 1984 wazee wetu walikuwa na mashine moja ya kung'oa karanga, wameichangia nyumba zote nne. Mashine hung'oa, karanga zinakauka juani siku tatu nne, halafu zinavunwa. Lucious Mobley akaichukua Septemba, akakaa nayo siku sita wakati zamu yake ilikuwa mbili. Alisema mkanda umekatika. Siku ya saba mvua ikaja ikanyesha wiki nzima, na karanga za nyumba iliyofuata zikaozea ardhini. Mwaka uliofuata mimi nikawa katibu, nikaandika sheria kwa mkono wangu: Chombo cha wote hakilali nyumba moja siku mbili mfululizo. Miaka thelathini na tisa sheria hiyo haijavunjwa. Hata mashine ya kupandia inazunguka kwa sheria hiyo, na mimi katibu napanda wa mwisho. Nyumba nne za weusi wenye ardhi yao katika kaunti hii, unadhani zimebaki kwa sala tu?

Kwa hiyo darubini nayo ikazunguka. Verlene macho yake hayawezi tena, basi tulikuwa watatu kwa zamu, kila mmoja na bunduki yake, wote tukilinda shamba lake.

Jumamosi mchana tuliilinganisha na bunduki ya Hosea. Ubao kwenye yadi mia, katikati tumebandika kile kifuko cha kupashia mikono wakati wa baridi, ili darubini ipate joto la kulenga. Risasi saba, alama ikakaa. Usiku ule Hosea akamwangusha dume mmoja karibu na mtaro. Jumapili zamu yangu: tukaihamisha, risasi tisa ubaoni, usiku wote hakuja hata sungura. Jumatatu zamu ya Denetra: risasi nne tu, na usiku akaangusha wawili kabla kundi halijafika mstari wa tatu. Kila bunduki ikahifadhiwa kwenye kumbukumbu, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilienda nyumbani nikasema mbele ya kioo: tumewaweza.

Jumanne ikarudi kwa Hosea. Hatukupoteza risasi ubaoni. Akabonyeza ya kwanza, akaketi. Akapiga mara tano. Asubuhi mistari kumi na sita ilikuwa imefunuliwa, na hakuna tone la damu.

"Ulikunywa nini?" nikamuuliza.

"Chai, Katibu. Na sasa natamani ingekuwa kitu kingine."

Jumatano ikaja kwangu. Mvua ilinyesha jioni, ukungu ukapanda kutoka kijitoni, na ndani ya darubini kila kitu kikawa na rangi moja ya kijivu, majani, udongo, miti, vyote vimepoa sawasawa. Kila dakika chache picha ilikuwa inaganda kidogo, tik, inajisafisha, halafu inaendelea, na kila ikiganda moyo wangu ulikuwa unaganda nayo. Sikuweza kukaa. Nilisimama, nikaketi, nikasimama. Mbu wakala masikio yangu. Saa nane na robo wakatoka mitini, weupe, ishirini na watatu, mbele yao jike mkubwa kama pipa. Akafika mwisho wa mstari akainamisha pua. Yadi tisini. Nikaweka alama nyuma ya bega lake, nikavuta pumzi, nikafyatua.

Akainua kichwa, akatazama kushoto. Hakuwa ameogopa hata kidogo. Alitazama kule kushoto kama mtu aliyeitwa na mgeni.

Nikafyatua tena. Wakakimbia. Baada ya nusu saa wakarudi upande wa barabara, nikapiga tena, wakahamia katikati. Nilipiga risasi kumi na moja usiku ule, na kulipokucha nilikuwa natembea kwenye mistari ya Verlene nikifukia mifereji kwa mguu, kana kwamba kufukia kungerudisha kilicholiwa. Zaidi ya ekari mbili zilikuwa zimekwenda. Verlene alikuwa amesimama barazani na gauni la kulalia. Aliingia ndani.

Alhamisi asubuhi Denetra alipomaliza kupeleka basi alinikuta mbele ya ubao. Nilikuwa nimepiga tatu. Zote zilikuwa pamoja, nzuri kabisa, inchi kumi na moja kushoto kwa kifuko cha joto.

"Mashine imesahau," nikasema.

"Mashine haijasahau. Inakumbuka mahali ilipokuwa imekaa Jumapili. Wewe umeiweka pengine." Akagusa kishikio cha dola arobaini kwa kucha. "Kila tukikitoa na kukifunga kinakaa tofauti kidogo. Unywele mmoja hapa ni futi moja kule. Ndicho alichotaka kukuambia Wendell."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza!"

"Bwana Ezell, ningesema ungesema nini? Ungesema Mobley anataka kukaa na chombo."

Ni kweli ningesema hivyo. Nilikuwa naweza kulisikia lile neno likinitoka.

Kikao kilikaa saa sita mchana barazani kwa Verlene, juu ya sahani ya kambare na wali ambayo mimi sikuigusa. Hosea akasema mapema, kabla sijafungua daftari: "Ifungwe kwenye bunduki moja, isitoke hadi zichomoze. Na hiyo bunduki iwe ya Denetra. Mimi nimepiga udongo wa Georgia hadi umeomba msamaha."

"Turudie ubao kila siku," nikasema. "Kila zamu, risasi kumi, tulinganishe upya. Sheria inabaki."

"Risasi za nani?" Hosea akauliza. "Na saa ngapi? Huyu anarudi na basi saa kumi na moja, mimi nakuwa chini ya sinki la mtu. Na mvua ikinyesha?"

"Sheria haikuandikwa kwa siku za raha! Mnajua iliandikwa kwa nini. Mwaka 1984, Septemba, siku sita..."

"Baba yangu amekufa," Denetra akasema. Hakupaza sauti. "Alikufa ukiwa humsalimii."

"Nilimsalimia."

"Ulimwitikia. Yeye ndiye alikuwa anakusalimia."

Nikamgeukia Verlene anisaidie. Alikuwa anachambua miiba ya samaki kwa vidole, taratibu, anaipanga ukingoni mwa sahani.

"Ezell, zile karanga zilizooza zilikuwa za nani?"

"Zako. Zako na marehemu Roscoe. Ndiyo maana..."

"Zetu. Desemba ile Lucious alikuja akakaa hapo ulipokaa wewe, akaleta ule mkanda uliokatika mkononi, akalia. Roscoe akamwambia yamekwisha. Na yakaisha. Mimi jambo hilo nililimaliza mwaka uleule. Wewe umenibebea hasira miaka arobaini, hukuniuliza hata siku moja kama bado ninaihitaji."

"Hukuniambia kwamba alikuja."

"Ungehutubia."

Hosea akacheka, akajifanya anakohoa.

Nataka nieleweke hapa. Sikusamehe kitu barazani pale. Siku sita ni siku sita, mkanda uliokatika unanunuliwa mjini kwa nusu saa, na watu wakianza kusema yamekwisha, yamekwisha, ndipo akina Stovall wanapojaza matrela. Bado nasema hivyo. Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja na karatasi yake, na mimi nilikuwa nimemfyatulia jike kutoka yadi tisini mara mbili hakujua hata kama anapigwa yeye. Nikafungua daftari, nikaandika kwamba sheria imesimamishwa hadi mbegu zichomoze, nikaandika jina la Denetra Mobley. Kalamu ilitoboa karatasi. Kisha nikawa wa kwanza kuinua mkono.

Usiku ule Denetra alifunga kishikio kwa gundi ya skrubu, akapiga ubao risasi tano, akakaa juu ya paa la pikapu yake na blanketi. Mimi nilikuwa nyumbani. Sikulala. Saa saba nikasikia mlio mmoja, kimya, kisha mitatu ya harakaharaka. Nikavaa viatu, nikavua, nikavaa. Saa nane akanitumia ujumbe: Wanne. Na yule mkubwa.

Ijumaa mashine ya kupandia ikafika kwangu, wa mwisho kama kawaida, maana bima yangu ni ya zao jingine, karanga zangu hazimo, na sikuwa na tarehe ya kukimbizana nayo. Nikapanda ekari kumi na moja hadi giza. Usiku kwa Verlene hakuja kitu. Nikafurahi kama mpumbavu. Kundi lililofiwa na jike wake haliendi mbali. Linahama tu kutoka mahali panapouma.

Jumamosi, saa tano usiku, waliingia kwangu.

Niliwasikia kabla ya kuwaona: ule mkoromo wa chini, na udongo laini ukifunuliwa. Nikatoka na bunduki yangu na tochi niliyoifunga kwa utepe. Nikawasha, nikapiga, wakakimbia, sikumpata yeyote. Nikazima. Baada ya dakika arobaini wakarudi upande wa pili. Nikaiweka bunduki, nikachukua kifuniko cha gurudumu na nyundo, nikaanza kutembea kwenye mistari yangu nikipiga. Mistari ni mirefu. Nikiwa huku, wako kule. Nikifika kule, wako huku. Nilikuwa nawatukana wao, na Stovall, na baba yake Stovall, kwa majina kamili.

Simu ikatetemeka mfukoni. Denetra.

"Nani anapiga ngoma?"

"Mimi."

"Wako kwako?"

"Wako."

"Wangapi?"

"Sioni! Ndiyo maana napiga ngoma."

Nilisikia chura wa kijito kutoka upande wake na kutoka upande wangu pia. "Huku kimya tangu jioni. Nije? Ni dakika nne."

Na nilitaka aje. Ningedanganya nikisema vinginevyo. Ekari kumi na moja zilikuwa zinaliwa nikizisikiliza. Lakini jioni ile nilikuwa nimepiga magoti kwa Verlene na kuona udongo umeanza kupasuka juu ya mistari, nyufa nyembamba tu, hakuna jani. Usiku mmoja, labda miwili. Kundi lingesikia milio kwangu likavuka kijito dakika hiyohiyo.

"Kaa hapohapo," nikasema.

"Bwana Ezell..."

"Nimesema kaa! Umeandikwa daftarini. Unataka nifute?"

"Sawa," akasema. Halafu, "Piga upande wa miti zaidi. Hawapendi kukatwa njia ya kurudi."

Nikapiga upande wa miti. Nilipiga hadi nyundo ikatoka mpini, nikaendelea kwa jiwe.

Jumapili asubuhi Verlene alinipigia kabla ya kengele ya kanisa. Nikaenda na matope yangu. Alikuwa amesimama katikati ya shamba na kofia yake ya ibada, na miguuni mwake, na mbele yake, na mbele zaidi hadi ambapo nguruwe walikuwa wameanza kuharibu, vichwa vya kijani vilikuwa vimevunja udongo, vimekunjwa bado kama ngumi za watoto wachanga. Ekari zilizoliwa zilikuwa tupu. Zilizobaki zilikuwa nyingi kuliko zilizokwenda.

"Sitii sahihi," akasema.

Sauti yangu ilikuwa imekwisha. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Na kwako?"

Nikamwonyesha kwa vidole. Kumi, kumi, tano.

"Mistari ishirini na mitano! Ulimwita Denetra?"

Nikakataa.

"Aliniambia alitaka kuja ukamfokea. Mjinga wewe." Akainama akang'oa gugu, akalitupa. "Leo usiku anakuja kwako. Na kesho. Hadi zako zichomoze."

"Lazima kura," nikakoroma.

"Nimepiga. Hosea amepiga, nimemwamsha. Denetra amepiga. Umebaki wewe, na wewe huna sauti."

Akaniacha pale akaenda kanisani. Nikatazama jua. Lilikuwa halijafika hata juu ya miti, na kwangu kulikuwa na mistari wazi, na jioni ilikuwa mbali sana. Nikaokota jembe lake lililokuwa ukingoni, nikaenda kufukia.